Uyoga wa Bi Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kwa uvivu? Ugali wa leo mmekula nyinyi au amekula paka? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Pakawa jabali, jabalini pakawa ufa, ufani pakawa pimbi. Asiyetaka kusikia azibe masikio yake, asizibe ya mwenzake.

Basi pimbi huyo aliitwa Bi Mashavu, naye alikuwa mganga wa wanyama wote wa bonde lile. Kwenye kivuli cha jabali lake uliota uyoga wa njozi. Ukila kipande kidogo kama ukucha wa kuku, unaona yasiyoonekana. Lakini ulikuwa na masharti yake. Huli peke yako. Unakaa na mwangalizi ambaye yeye hajatia kitu kinywani, na mwangalizi anakuuliza mbele ya watu, "Waona nini?" Nawe unajibu. Ukisema umeshika ua, anakuambia, "Linuse." Ukisema umeshika moto, anakuambia, "Utue." Hakubishii hata kidogo. Ndivyo walivyotibiwa wafiwa na wenye hofu, taratibu, kisha kila mtu akarudi kwake.

Aliyeharibu mambo ni Ngedere. Alifiwa na mkewe, maskini, akawa hali wala hasemi. Bi Mashavu akampa kipande, akakaa naye mchana kutwa. Ngedere akamwona mkewe anacheka juu ya mkuyu, akalia sana, akapona. Lo! Kupona kwake ndiko kukawa balaa. Akaruka mti hadi mti, akipiga kelele:

"Kuleni mwone! Kuleni mwone! Mimi nilishika tawi, likawa nyoka! Nilitazama mto, ukawa mbingu! Asiyeona ana roho ndogo kama ya kiroboto!"

"Kaka, funga mdomo," Bi Mashavu alimwambia. "Dawa haipigiwi ngoma."

"Ala, dada! Kizuri kula na nduguyo!"

Akaendelea. Kuleni mwone! Kuleni mwone! Maneno yakavuka kilima, yakashuka bondeni, yakamfikia Chui.

Chui ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanyama wote. Alikuwa na nguvu, na tumbo lake halikuwahi kulijua neno "basi". Akawaza, "Ukila unaona yasiyoonekana? Vizuri! Nitaona kila shimo na aliyejificha ndani yake. Sitawinda tena, nitakuwa naokota tu."

Asubuhi moja Bi Mashavu alikuwa anaanika majani juani, binti yake Kidawa anacheza kando. Jiwe likaanguka, kwa! Bi Mashavu akageuka. Kidawa yuko chini ya mkono wa Chui, kucha zimemzunguka kama uzio.

"Mganga," Chui akasema, "leta uyoga."

"Bwana Mkubwa, mwachie mtoto kwanza. Mlaji hukaa mikono mitupu."

"Mimi nitakula kwa mkono mmoja. Nikiona, nitamla huyu kwa furaha. Nisipoona, nitamla kwa hasira."

Bi Mashavu akawaza. Chui akiona, mtoto ataliwa. Asipoona, mtoto ataliwa. Na akiona kweli, wataliwa wote bonde zima! Akaingia ufani, moyo unapiga du! du! du! Akaupita uyoga wa njozi. Akachukua kapu la uyoga wa mchuzi, ule wa kulia ugali, usioonyesha mtu kitu chochote. Akatoka nalo.

Nje wanyama walikuwa wamekwisha kusikia. Kanga alichungulia nyuma ya jiwe, Nguchiro nyuma ya Kanga. Ngedere alikuwa juu ya tawi, amejifunika uso kwa mkia.

Chui akatafuna, nyaku nyaku nyaku. Akameza, gubu! Akangoja.

"Waona nini?" Bi Mashavu akauliza.

Chui akatazama mto. Mto ni mto. Akatazama mti. Mti ni mti. Akakunja uso, na ukucha ukamgusa Kidawa shingoni.

"Mama!" Kidawa akalia.

Bi Mashavu aliogopa hata akahisi baridi juani. Lakini sauti aliitoa, ikasikika mpaka kwa Kanga. "Bwana Mkubwa haoni? Ngedere, wasioona ulisema wana nini?"

Ngedere alitetemeka mpaka majani yakadondoka. "Ro... roho ndogo, dada. Kama ya kiroboto."

Nguchiro akakohoa. Labda ni kikohozi, labda ni kicheko.

"Nani kasema sioni?" Chui akanguruma. "Naona!"

"Mto waonaje?"

"Ni mbingu!"

"Hasa! Na mti ule?"

"Unacheza ngoma!"

"Loo, hiyo ni roho kubwa. Na hicho ulichoshika? Ngedere alishika tawi tu, likawa nyoka. Wewe uliyemzidi, umeshika nini?"

Chui akatazama chini. Aliona pimbi mchanga, mnono, mwenye machozi. Mate yakamdondoka. Akisema ni pimbi, basi hajaona kitu, na bonde zima limesikia. Akisema ni nyoka... Bi Mashavu alitaka kupiga ukelele, akaumeza.

"Waona nini?"

"Na... naona nyoka."

"Mkubwa kuliko wa Ngedere?"

"Mkubwa sana! Swila!"

"Basi mtue, Bwana Mkubwa. Mtue polepole asikugonge."

Mkono haukuinuka. Kanga aliacha kupumua, Nguchiro aliacha kupumua. Ukucha mmoja ukalegea. Ukalegea mwingine. Kidawa akajinyonganyonga, akajivuta, chwaa! Yumo ufani. Mama yake nyuma yake, chwaa! Chui akajirusha, kwaruuu! Kucha zikakwaruza jiwe tupu.

"Umenidanganya!"

Mle ndani Bi Mashavu alimkumbatia mwanawe huku analia waziwazi, akajibu: "Kwani, Bwana Mkubwa, hakuwa nyoka?"

Chui akafungua kinywa. Kanga alikuwa anamtazama. Nguchiro alikuwa anamtazama. Chui akafunga kinywa, akameza mate.

"Alikuwa nyoka," akasema.

Jioni ile ile akatoa amri. Uyoga wa njozi ni hatari kubwa, yeye mwenyewe ameuona ubaya wake kwa macho yake. Ni marufuku kuula, ni marufuku kuutaja, na ni marufuku kulikanyaga jabali lile, hata yeye mwenyewe. Ngedere akakimbilia msitu wa mbali na maneno yake. Bi Mashavu akapata usalama, ila wafiwa walipokuja kwake sasa walikuja kwa kunyata, na baadhi yao waliogopa, hawakuja kabisa.

Hadithi yangu naiacha mlangoni kwenu. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nirudishieni nitafune mwenyewe.

Na funzo lake? Ni heshima, wanangu. Mkubwa haambiwi uongo. Mkubwa akisema pimbi ni nyoka, inama, mshukuru, kisha muulize ana urefu gani.