Besi Iliyomtoroka Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na kelele?
Tumenyamaza!
Basi sogeeni, maana hadithi hii ina sauti ya chini.

Hapo kale Kiboko alikuwa na redio kubwa yenye spika mbili, na besi, ule mlio mzito wa chini, aliipenda kuliko chakula. Sauti aliifungulia mpaka mwisho. Vuuum! Vuuum! Sufuria zikalia, milango ikatetemeka, wimbo wenyewe usijulikane ni upi. Kwa uchoyo akaziba madirisha kwa magodoro, besi isije ikawafikia majirani.

Nyuma ya ukuta wake aliishi Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, pamoja na mama yake. Mama alikuwa mzee na masikio yake yalishakufa. Marehemu mumewe alikuwa mpiga msondo, ile ngoma ndefu yenye mlio mzito, na mlio wake ulibaki kwenye kaseti moja tu: ya harusi ya Kiboko.

"Mwanangu," mama akasema, "masikio yamekufa, lakini tumbo langu bado linasikia. Niombee kwa jirani aipige kaseti ile. Mara moja tu, kabla sijamfuata baba yako."

Sange akaenda kuomba.

"Thubutu!" akasema Kiboko. "Mkisikia nyinyi, mimi si itanipungukia?"

Sange alirudi nyumbani akilia. Alipomaliza kulia, akajipenyeza kwenye tundu nyuma ya redio. Kwenye spika moja akachomoa nyaya mbili, mwekundu akauchomeka pa mweusi, mweusi pa mwekundu. Spika zikawa zinavutana, moja ikisukuma nyingine inarudi nyuma, na besi ikapotea.

Chi-chi-chi! Chi-chi-chi!

"Mama yangu wee!" Kiboko akapiga ukelele. "Besi yangu iko wapi?"

"Hodi, jirani," akaita Sange mlangoni. "Besi nimeiona ikipita kwetu. Imekimbia magodoro, inasema imekosa hewa."

"Itarudi?"

"Itarudi, ila ina masharti. Toa magodoro."

Kiboko akatoa magodoro. "Besi, rudi!" Chi-chi-chi.

"Punguza sauti. Imechoka kufokewa."

Kiboko akapunguza. "Besi, rudi!" Chi-chi-chi.

"Spika zikae chini, pembeni kabisa, karibu na ukuta wetu. Huko ndiko ilikokwenda."

Kiboko akazibeba, jasho linamtiririka. "Besi, rudi!" Chi-chi-chi. Machozi yakaanza kumtoka, na mimi kidogo nimwonee huruma.

"Sasa weka kaseti ya harusi yako, maana besi ina kumbukumbu. Kisha toka nje, ugeuke usitazame. Ina haya hiyo."

Kiboko akatoka, akageuka. Sange akarudisha nyaya mahali pake, akakimbilia kwa mama yake.

Du! Du! ... Du!

Ikaja nzito, ikaja safi, kila pigo na mwanzo wake na mwisho wake. Nyuma ya ukuta mama alikuwa amelaza tumbo lake ukutani. Akashtuka. Akafumba macho.

"Anasita kabla ya pigo la tatu," akasema. "Ndiye huyo. Kila mara alisita hapo anitafute kwa macho, aone kama nacheza."

Akajifunga kanga kiunoni, akacheza na ukuta. Sange alimtazama, kisha akatoka kumfuata Kiboko.

Huko nje Kiboko naye alikuwa akilia. "Kumbe kwenye harusi yangu palikuwa na ngoma tamu hivi! Sange, isitoroke tena. Nifanyeje?"

"Kila Ijumaa asubuhi ipigie kaseti hii, mahali hapohapo. Isikose."

Mpaka leo Kiboko hakosi, akidhani anaitunza besi yake. Na mpaka leo, kila Ijumaa, mama Sange anaamka mapema, anaoga, anajipaka wanja, anakaa ukutani kumngoja mumewe.

Funzo, watoto: nyaya za watu ni mwiko kuzigusa. Na ukijaliwa besi nzuri, jifungie nayo ndani, jirani asionje hata pigo moja.

Nimemaliza. Aliyesikia kwa masikio aende zake. Aliyesikia kwa tumbo, akae nami kidogo.