Kiboko Mwenye Sauti ya Nyenje

Paukwa!
Pakawa!
Simu zenu?
Mifukoni!
Na masikio?
Kwako, bibi!

Hapo kale, lakini si kale sana maana mtandao ulikuwepo, alikuwepo Nyenje. Kidudu kidogo, kinakaa chini ya jani la mgomba. Alikuwa na bendi: Chura alipiga ngoma, Panya alitikisa kayamba, na Nyenje aliimba nyiriri-nyiriri, ukimsikia unaunguza mboga. Wakafungua ukurasa mtandaoni ili waitwe harusini.

Kiboko naye alikuwa na ukurasa. Wimbo ndio hakuwa nao. Basi Nyenje akiweka wimbo asubuhi, Kiboko anauchukua mchana, anaubandikia picha yake amevaa miwani nyeusi. Jina, Kiboko. Picha, Kiboko. Sauti, Nyenje! Wafuasi wakamiminika kwa Kiboko, maana yeye anajaa kwenye picha, na Nyenje haonekani hata ukikodoa macho.

Chura akalia. "Kaka Nyenje, Bi Twiga anaoza binti, anatafuta bendi. Atamwita yule mwizi! Sisi tutakula nini?"

"Nyamaza, ndugu yangu," akasema Nyenje. "Tutunge wimbo mwingine, mtamu kuliko yote. Ila uwe mrefu kidogo."

Wakautunga, wakauweka. Kiboko akausikiliza mwanzo tu. "Mtamu huu!" Akauchukua, kama kawaida yake. Ting! Ting! Ting! Simu haikunyamaza. Bi Twiga naye akampigia, akamwita harusini.

Siku ikafika. Kiboko akapanda jukwaani, akatoa simu ili iimbe, yeye achezeshe mdomo.

"A-a," akasema Bi Twiga. "Simu ninayo nyumbani. Imba, baba."

Kiboko akafumbua kinywa. NGOROOO! Sahani zikaanguka. Bi harusi, twiga mzima, akaingia chini ya meza.

"Makubwa!" akasema Bi Twiga. "Wimbo ule ni wako kweli?"

"Wangu! Leo nina mafua tu, mama."

"Wako?"

"Wangu!"

"Wote?"

"Wote, mwanzo mpaka mwisho!"

"Vizuri. Mimi niliusikiliza mpaka mwisho." Bi Twiga akabonyeza simu yake, wageni wote wakasikia:

*Mwenye wimbo huu akishindwa kuuimba,*
*ataosha masufuria, ataosha yote.*

Vigelegele! Masufuria ya pilau yalikuwa meusi tititi, chini yameganda ukoko. Kiboko akasugua, kwaru-kwaru-kwaru, machozi yanadondokea povu. Nyenje, aliyekuwa akingoja nyuma ya jukwaa, akapanda na wenzake, akaimba nyiriri-nyiriri, na bi harusi akatoka chini ya meza akacheza. Chura alifurahi hata akapasua ngoma.

Walipopumzika, Nyenje akaazima simu ya Panya. Akamrekodi Kiboko anavyosugua, kwaru-kwaru-kwaru, akaiweka video kwenye ukurasa wake. Ruhusa hakuomba. Ting! Ting! Ting! Tangu siku ile ukurasa wa Nyenje umejaa wafuasi, na wengi wao hawajui hata kama anaimba.

Funzo, wajukuu zangu: kitu cha mwenzako usikirushe mtandaoni bila ruhusa. Nyenje alirusha kimoja tu, tena kwa nia njema.

Ngano yangu naitua hapa. Iliyo tamu ichukueni, na atakayekwenda kuisimulia ataje jina langu. Akishindwa kuisimulia, masufuria yangu yako jikoni.