Ngiri na Njia Tatu za Mlima Kifunika

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mlima!

Tuuone!

Mlima una njia!

Tuzifuate!

Basi sogeeni. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia, unatuletea baridi.

Hapo zamani za kale, zamani za kale kweli, wanyama walikuwa na magari na binadamu alikwenda kwa miguu. Mnacheka? Chekeni. Binadamu alisimama kando ya barabara na kapu lake kichwani, akila vumbi, akimpungia Nyani mkono apewe lifti, na Nyani akapita bila hata kugeuza shingo. Magari yale yalikwenda wapi, msiniulize mimi. Mimi niliikuta hadithi tu.

Katika zamani hizo alikuwepo Ngiri, mama wa watoto watatu. Alikuwa na kigari alichorithi kwa baba yake. Kigari chenyewe kilikuwa mkweche, kifupi, tumbo liko chini kama la mwenye mali. Kikipita juu ya kokoto, kokoto inalia kwaa! Lakini Ngiri alikipenda, maana kiti chake bado kilinukia tumbaku ya marehemu baba.

Ngiri na wenzake waliishi uwandani, upande huu wa Mlima Kifunika. Kwao hasa, walikozaliwa, kulikuwa ng'ambo ya mlima, Bonde la Mawele. Njaa ndiyo iliyowatoa. Walioweza kuhama walihama, wazee wakabaki na mashamba yao.

Enzi za baba Ngiri, kila mwaka baada ya mavuno, wote waliwasha magari wakarudi kuwasalimia wazee. Ee, safari zile! Zilikuwa tamu, jamani. Watoto walirundikana nyuma na mahindi ya kuchoma, wakiimba mpaka sauti zinakauka. Mmoja akikwama, wote wanashuka kusukuma, na kusukuma kwenyewe ni kicheko. Na ukifika mahali unapoanza kusikia harufu ya mawele mabichi, hata mkubwa mzima anatokwa na machozi na haoni haya.

Na kulikuwa na desturi. Kabla ya kuuanza mlima, wote walikaa chini, na mwenye gari bovu kuliko yote ndiye aliyesema kwanza. Alisema gari lake linaweza nini na haliwezi nini, ndipo njia ichaguliwe. Hakuna aliyecheka. Baba Ngiri alikuwa akisema, "Msafara hauna gari zuri wala gari baya. Una gari la mwisho, basi."

Mzee yule alikufa, na safari zikafa naye. Magari yakaanza kung'aa. Wenye magari wakaanza kuchekana. Ngiri alizaa watoto wake watatu huku huku uwandani, na mama yake, Bibi Ngiri wa ng'ambo, hakuwa amemwona hata mmoja.

Siku moja Mbayuwayu, anayeruka juu ya mlima bila kuuomba ruhusa, alileta salamu. Akatua juu ya bodi la kigari, akasema:

"Mama yako anasema hivi. Mwanangu, macho yangu yanafunga duka. Njoo na wajukuu zangu upesi, niwaone nikiwa bado naona."

Ngiri aliposikia, akaanza kufunga mizigo. Alitaka kuondoka saa ile ile. Lakini Mlima Kifunika haukuvukwa na mtu mmoja. Kila njia ilikuwa na mahali pake pa kusukumana. Akaenda kwa majirani kuwasihi.

Alimsihi Tembo, mwenye lori pana. Tembo akasema, "Mama Ngiri, hata mimi nimewakumbuka wazee. Twende."

Alimsihi Chui, mwenye gari refu, la magurudumu makubwa, linalonguruma hata likiwa limesimama. Chui akasema, "Nitakwenda, lakini mbele nakaa mimi."

Akamsihi Sungura, mwenye pikipiki. Sungura akasema, "Nitakwenda. Bila mimi mtacheka nini njiani?"

Wakatoka asubuhi. Walipofika chini ya mlima, wakazikuta njia tatu, kama zilivyokuwa enzi zile. Ya kwanza ni Njia ya Mawe, fupi, inapanda juu kama ngazi. Ya pili ni Njia ya Msitu, ya udongo laini, lakini nyembamba. Ya tatu ni Njia ya Mzunguko, inayozunguka mlima wote polepole.

Ngiri alisubiri waambiwe wakae chini. Hakuna aliyekaa. Chui hakuzima hata injini.

"Njia ya Mawe!" akasema Chui. "Fupi! Kabla jua halijazama tunakunywa uji kwa wazee."

Tembo akamgeukia Ngiri. "Mama Ngiri, kigari chako kitapita?"

Ngiri alijua hakitapita. Alikijua kigari kile kama anavyojua meno yake. Lakini Sungura alikwishaanza kuimba, na wimbo wake ni huu, mwitikie:

*Mlima, mlima, nani wa kubaki?*

*Mwenye mkweche, abaki na kuku!*

Watoto wake watatu walikuwa wanasikiliza. Ngiri akaona aibu, uso ukamwaka. Tena akaogopa. Je, wakimwacha?

"Kitapita," akasema.

Chui akapanda, ngru, ngru, akapita. Sungura akaruka huku na huku, akapita. Ngiri akapanda jiwe la kwanza, akapanda la pili, na juu ya la tatu kigari kikakaa kwa tumbo, magurudumu yote yakining'inia hewani. Akikanyaga mafuta, yanazunguka bure. Oili ikaanza kudondoka, tone, tone.

Tembo akashuka, akakinyanyua kigari kwa mkonga. Wakarudi chini kinyumenyume, wote. Ngiri akaziba tundu kwa nta na kitambaa. Jua likazama hawajafika popote.

"Ulisema kitapita," akasema Chui.

Ngiri akaenda kuwalaza watoto.

Kulipokucha Sungura akasema, "Njia ya Msitu! Haina jiwe hata moja. Mama Ngiri atateleza kama siagi."

Ngiri naye akamgeukia Tembo. "Mzee, lori lako litapenya?"

Tembo alijua halitapenya. Lori lile hata langoni kwake liliingia kwa dua. Lakini Sungura huyo:

*Mlima, mlima, nani wa kubaki?*

*Mwenye makalio, abaki na kuku!*

Mkubwa mzima yule, mwenye pembe zake na heshima zake, akaona aibu mbele ya watoto wa Ngiri. "Litapenya," akasema.

Wakaingia msituni. Sungura akapita. Chui akapita. Ngiri akapita, na kweli aliteleza kama siagi, moyo ukamchangamka. Mara akasikia nyuma, krrrraa! Lori la Tembo limebanwa kati ya mikuyu miwili, haliendi mbele, halirudi nyuma. Na waliotangulia hawakuweza kumwacha, maana nani angewasukuma mbele?

Wakachimba. Wakachimba kwa majembe, wakachimba kwa pembe, wakachimba kwa kucha. Jua likazama Tembo akiwa ndiyo kwanza anatoka, lori limechubuka pande zote mbili. Wakarudi chini ya mlima kwa mara ya pili.

Ngiri hakuweza kukaa. Aliutazama mlima, akamfikiria mama yake ameketi kizingitini upande wa pili, anayakaza macho yake apate kuiona njia. Akamkumbuka baba yake. Akawakumbuka wazee wale wa zamani, walivyokuwa wakikaa chini na kusema "gari langu mimi ni bovu" kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. Akazitamani enzi zile.

Asubuhi Chui akanguruma. "Turudini kwenye mawe! Mama Ngiri tutamfunga kamba, tutamburuta."

"Hapana," akasema Ngiri.

Wote wakageuka.

Ngiri akaketi chini, chini kabisa, mavumbini. "Gari langu halipiti. Tumbo lake liko chini, na jana lilikuwa chini, na juzi pia. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu. Mkilifunga kamba litakatika vipande, na wanangu wamo ndani. Imbeni mnavyotaka. Mimi nataka kumwona mama yangu."

Sungura akafungua mdomo aimbe. Wimbo haukutoka.

Tembo naye akaketi, ardhi ikatikisika. "Na mimi nilidanganya. Lori langu ni pana, na nilijua."

"Basi Njia ya Mzunguko," akasema Ngiri. "Ni ndefu, lakini haina mawe na haina miti ya kubana. Kuna tope moja tu, tutasukumana. Bwana Chui, wewe unasemaje? Gari lako lina neno?"

Chui akasita. Mkia wake ukachezacheza. "Gari langu mimi? Gari langu haliwezi kuwa na neno."

Wakaingia Njia ya Mzunguko. Safari hii Ngiri alikaa mbele, na wote wakaenda kwa mwendo wake. Watoto wakaanza kuimba. Tembo akakumbuka wimbo wa zamani, akauimba vibaya, wakacheka. Kwenye tope wakasukumana mpaka Sungura akawa na rangi ya chungu. Ngiri akaisikia harufu ya mawele kwa mbali, nyembamba, ya kweli. Akasema moyoni, leo nafika.

Ndipo gari la Chui, lililokuwa limetangulia tangu kwenye tope, likakohoa, likanyamaza.

Chui hakushuka. Ngiri akamwendea. "Kuna nini, Bwana Chui?"

"Mafuta," akasema Chui, akitazama pembeni.

Kumbe gari lile kubwa lilikunywa mafuta kama mlevi kwenye harusi! Chui hakuwa na mafuta ya kutosha kwa njia ndefu, na tangu mwanzo alijua. Ndiyo maana aling'ang'ania njia fupi. Na chini ya mlima Kima alikuwa akiuza mafuta kibandani, wangejaza dumu wakati ule ule. Neno moja tu, na Chui hakulisema.

"Kwa nini hukusema?" akauliza Ngiri.

"Ningesemaje?" akasema Chui, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi ni Chui."

Njia pale ilikuwa nyembamba, gari la Chui limeziba, na nyuma yake kigari na lori. Sungura mwenyewe, bila kuambiwa, akalifunga dumu kwenye pikipiki akateremka kumtafuta Kima. Alirudi jua limezama, amechoka, hana wimbo. Wakalala hapo, na harufu ya mawele inawajia na upepo.

Kesho yake asubuhi wakashuka Bonde la Mawele. Nyumba zilikuwa zile zile, ndogo kuliko walivyozikumbuka. Bibi Ngiri alikuwa ameketi kizingitini, uso wake umeelekea mlimani.

Ngiri akazima gari. Akashuka na watoto wake watatu, amewafuta vumbi, amewasimamisha kwa mstari. "Mama! Tumefika!"

Bibi Ngiri akatabasamu, akageuza kichwa, lakini akakigeuza upande usio wao.

"Karibu, mwanangu. Karibuni nyote. Nimezisikia injini." Akanyoosha mguu wake hewani, ukipapasa. "Jana niliuona mlima. Ulikuwa na ukungu kidogo juu. Nikasema, leo watashuka. Nikakaa hapa kutwa nzima. Leo nimeamka, sijauona mlima."

 Tembo aliinamisha mkonga. Chui alikwenda nyuma ya gari lake, akakaa huko.

Ngiri akakunja miguu yake ya mbele. Akapiga magoti mbele ya mama yake, akaweka pua mavumbini. "Mama, nisamehe. Tulikuwa tufike siku tatu zilizopita. Naomba radhi yako."

"Radhi yangu unayo," akasema Bibi Ngiri. "Nileteeni watoto."

Akampapasa wa kwanza, akampapasa wa pili. Kwa wa tatu akakawia. "Huyu ana pua ya babu yake," akasema, akacheka, machozi yakimtoka kwenye macho yale yasiyoona.

Kutoka siku hiyo, Ngiri kila anapokaribia chakula hukumbuka kizingiti kile. Ndiyo maana hata leo, mkimkuta porini anakula majani, amepiga magoti. Watu wengine watawaambia ni kwa sababu ya shingo yake fupi. Waacheni na shingo zao.

Na ninyi, wanangu, mkienda safari na wenzenu, msichague njia kwa gari la mbele. Ulizeni gari la mwisho linapita wapi. Na wewe ukiwa ndiye wa mwisho, sema, mdomo usikufie kwa aibu. Aliye na nguvu na asiye na nguvu, wote wana neno la kusema kabla ya mlima, na neno lililofichwa chini ya mlima hulipwa upande wa pili, tena mara nyingi analilipa asiyekuwemo safarini.

Ngano yangu naiegesha hapa. Ikiwapendeza, ichukueni mkaiendeshe. Ikiwachosha, niachieni, nitaisukuma mwenyewe mpaka nyumbani.