Mdoli Aliyefungwa Utepe

Ndugu zangu, haya sikusimuliwa. Nilikuwepo. Nilikaa safu ya mbele kabisa, wanakokaa wenye majina yao, na kama kuna mtu humu ana shaka, anitazame machoni halafu ajaribu kubisha. Shule mimi niliiacha kabla haijaniacha, lakini kuona ninaona. Mtu nikimtazama kisogo tu najua anachowaza. Kwa hiyo nikiwaambia daktari ninayetaka kuwasimulia aliwaza hivi, basi ndivyo alivyowaza.

Kulikuwa na daktari mmoja katika kituo cha afya cha porini, kule ambako mgonjwa akizidiwa hupakiwa kwenye pikipiki kupelekwa mjini, na wengi hufika wameshapoa. Akaitwa mjini kwenye mafunzo ya dharura: namna ya kumwokoa aliyezama, aliyekata pumzi, aliyekabwa na chakula. Alisoma sawasawa, simkejeli. Mikono yake ililishika somo hata usingizini. Akarudi na cheti, na mdoli wa mpira, kichwa na kifua tu, aliyepewa ili awafundishie wenzake.

Wauguzi wakamfuata siku ileile.

"Daktari, tufungulie huyo mdoli basi. Hata jioni hii, baada ya kazi."

"Weee! Nimfungue kabla hajazinduliwa? Kitu cha heshima hiki. Nimeshamwalika mgeni rasmi. Akija atakata utepe, mimi nitaonyesha, nyinyi mtaona, na wilaya nzima itajua hapa yupo nani."

"Na mtu akikabwa kabla mgeni rasmi hajaja?" akauliza muuguzi mkuu, mama mmoja ambaye ulimi wake haukuwa na komeo.

"Si nipo mimi, dada? Mimi nakwenda wapi?"

Neno hilo lishikeni. Si nipo mimi?

Mdoli akafungwa utepe mwekundu kifuani, akatiwa stoo, mlango ukafungwa. Mgeni rasmi akaahirisha. Akaahirisha tena. Mvua zikaja, zikakatika. Kila wauguzi walipouliza, jibu lilikuwa lilelile, na daktari akilala alijiona jukwaani, anapigiwa vigelegele.

Hatimaye siku ikafika. Turubai limetandazwa, viti vya plastiki vimepangwa, pilau inanukia mpaka barabarani, na mdoli kalazwa mezani kapambwa kama bibi harusi. Desturi zetu mnazijua: mgeni rasmi hajala, nani atagusa sahani? Jua likapanda, mgeni hayupo. Daktari hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri kwa kiherehere cha sherehe. Akanyemelea jikoni kama paka.

"Mama, hebu nionje chumvi."

"Chumvi ipo kwenye mchuzi, daktari. Mbona mkono unaenda kwenye nyama?"

Wapishi wakacheka, wakampa pande zima. Ndiyo kwanza linaingia kinywani, honi hiyo barabarani! Mgeni rasmi! Daktari wetu, mtu mzima, kavaa suti, shavu limetuna kama la mtoto mwizi wa sukari. Ateme? Aonekane? Akameza vilevile, akakimbilia jukwaani.

Nyama ikakwama.

Alijua papo hapo. Nani angejua kama si yeye? Pumzi haiingii, haitoki, sauti hakuna. Akafanya kama alivyofundishwa: akajishika koo kwa mikono miwili, ishara ya mtu aliyekabwa, akawageukia wauguzi wake. Kule mafunzoni kila mmoja aliijua ishara ile. Hapa je?

"Somo hilo limeanza!" mshereheshaji akanguruma kwenye kipaza sauti. "Mnamwona mtaalamu wetu? Hata salamu hangoji!"

Watu wakapiga makofi.

Akajitupa tumbo juu ya mgongo wa kiti, kiti kimsukume kile kitu kitoke. Kiti cha plastiki, kikateleza. Makofi. Akapiga magoti mbele ya muuguzi mkuu, akaikamata mikono yake, akaivuta tumboni kwake, juu ya kitovu: hapa, sukuma hapa! Yule mama akaona haya.

"Jamani daktari, mbele za watu?"

Mpaka alipoiona midomo yake imegeuka bluu. "Mama yangu! Huyu haigizi!"

Wakamkimbilia wote. Huyu akamletea maji. Yule akampepea kwa kanga. Mwingine akamlegeza tai, mwingine akaomba kwa sauti. Kila mtu alitenda alichokijua. Naye alilala pale chini, macho wazi, akiitazama mikono ile, mikono mizima, yenye huruma, na akawaza: hakuna hata mmoja niliouonyesha. Kisha hakuwaza tena.

Ule utepe ulitumika hatimaye. Walifungia shada la maua la kaburini.

Sasa, sisi tumcheke? Fundi unamzungusha mwanafunzi wako mwaka mzima kushika tochi, ukiogopa atakupita. Mama mkunga unafukuza binti zako chumbani. Sisi tunaolijua Neno tunalifungia utepe mpaka kongamano lije, na jirani anakata tamaa nyuma ya ukuta wetu. Tukiulizwa, tunajibu, si nipo mimi? Nani kakuahidi kuwa utakuwepo? Na siku ya kuzidiwa wewe mwenyewe, ulichokificha kifuani kitatoka kwa mkono wa nani? Leo hii, kabla hujala chakula cha mchana, mshike mtu umwonyeshe kitu unachokijua. Usingoje mgeni.

Basi, mke wangu ananikazia macho pale, anajua nimetia chumvi, wacha niitoe. Yale makofi nimeyatia mimi. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikaa tu wakimtazama, kimya, kama hivi mnavyonitazama.