Jembe Lililopasua Kibuyu

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na milango na walipiga hodi kabla ya kuingia, palikuwa na mji uitwao Kisasani. Mji ule ulikuwa na shule moja, na shule ile ilikuwa na mwalimu mmoja, naye ni Fisi.

Msicheke. Nyie, nani aliwahi kuwauliza mnataka mwalimu gani?

Fisi alikuwa na sauti nene na fimbo ndefu, na kazi yake yote ilikuwa kuwaimbisha watoto hesabu za kuzidisha. Saba mara moja, saba! Saba mara mbili, kumi na nne! Waliimba tangu asubuhi hadi jua la utosi, mpaka wengine wakawa wanaimba huku wamelala.

Kila mwisho wa muhula palikuwa na mtihani wa swali moja, mbele ya wazazi wote na mbele ya Mzee Tembo, mkuu wa mji. Na sheria ilikuwa hii: mtoto akikosea, anakwenda kukaa nyumbani kwa mwalimu mpaka ajue. Fisi ndiye aliyeitunga. Tembo alipoletewa aliiona ni sheria ya busara kabisa, akaipitisha siku hiyohiyo.

Mtoto wa Ndezi alikosea, akaenda. Mtoto wa Kanga akaenda. Mtoto wa Kobe naye akaenda. Mihula miwili ikapita, hakuna aliyerudi. Wazazi walipokwenda kuuliza, Fisi aliwapokea nje ya ua na kuwaambia wasiwe na wasiwasi, watoto wanaendelea vizuri, bado kidogo tu. Lakini shamba lake la viazi, ambalo zamani lilikuwa kipande cha kupanda mboga, sasa lilikuwa limefika mtoni. Watu waliliona. Walitazamana, wakanyamaza.

Sasa, katika mji huo aliishi Kindi na binti yake mmoja, Siwatu. Kindi hakuwa na mume, hakuwa na ndugu, alikuwa na Siwatu tu. Na Siwatu hakuweza kuimba jedwali hata kwa dawa. Akifika saba mara nne, mbu akilia sikioni, basi, wimbo wote umepotea, aanze upya.

Zilipobaki siku nne, mama alimkalisha jikoni wakaimba wote wawili. Waliimba mpaka uji ukaungua. Siwatu akaanza kulia.

"Mama," alisema, "nitakwenda kwa mwalimu, sivyo?"

Kindi aliona akifungua mdomo atalia yeye kwanza. Akamtuma mtoto akalete karanga ili wapike kingine.

Wanaoishi kwa karanga huzifukia ardhini, wanangu, nanyi mnajua. Siwatu alitoka, akafukua kwenye mashimo kumi na tatu bila kubahatisha hata moja, akarudi na kikapu kimejaa. Kindi alimwangalia, akamuuliza amewezaje kukumbuka mahali pote hapo. Mtoto akashangaa swali lenyewe. Alisema hakumbuki, anaona. Akifumba macho anaviona vijiwe na vijiti vya pale alipofukia.

Kindi akainuka. Akamwaga majivu ya jikoni sakafuni, akayatandaza kwa kiganja, akachora saba.

"Hii inafanana na nini?"

"Jembe," akasema Siwatu.

Akachora nane. Kibuyu. Sita ikawa konokono, tano mundu, nne kiti kilichopinduliwa, mbili bata, tisa upawa wa kutekea mchuzi. Wakaanza kutunga visa. Jembe lilipiga kibuyu, pwaa! kikapasuka, ukachomoza mundu mbele na konokono nyuma yake. Mundu ni tano, konokono ni sita: saba mara nane ni hamsini na sita. Konokono alipanda juu ya jembe, akaona kiti kinakimbia na bata anakifukuza: sita mara saba ni arobaini na mbili. Kila kisa walikijaribu kwa karanga, wakizipanga safu kwa safu na kuzihesabu, ili wasije wakakariri uongo.

Siku ya kwanza Siwatu alicheka. Siku ya pili aliota konokono. Siku ya nne ungemuuliza lolote, mbele au nyuma au katikati, angefumba macho mara moja na kukujibu. Na mama yake, kwa kuchora sana, naye akawa anayaona yote.

Asubuhi ya mtihani Kindi alikwenda shuleni akiwa na amani, na kikapu cha karanga mkononi. Maskini, hakujua kilichokuwa kikimsubiri.

Wazazi walikaa kwenye mikeka. Tembo alikaa mbele. Fisi akasimama na fimbo yake, akamwita kwanza mtoto wa Nguchiro, akamuuliza sita mara saba. Mtoto akakodoa macho juu, akaanza kuimba kimoyomoyo. Na Kindi, aliyekuwa amekaa karibu, akaona jambo: midomo ya Fisi nayo ilikuwa ikitikisika. Fisi naye alikuwa anaimba! Alikuwa hajui jibu la swali lake mpaka aanzie moja.

Wakati huohuo mzazi mmoja, Digidigi, akafika, amechelewa, anahema. Akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akaitikia Fisi. Na midomo yake ikasimama. Macho yakawa kama ya mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Arobaini na mbili," akasema mtoto wa Nguchiro.

Fisi alimwangalia, akawaangalia wazazi, akaigonga fimbo chini. Ko!

"Umekosea. Kaa upande ule."

Kindi alihisi manyoya yanamsimama. Kiti, bata. Arobaini na mbili! Mtoto alikuwa amejibu sawasawa. Akageuka kuwatazama wenzake, akaona hakuna aliyejua, kwa maana kila mmoja naye alihitaji kuimba tangu mwanzo, na waliokuwa na shaka waliona aibu kuhesabu kwa vidole mbele ya mkuu wa mji. Tembo mwenyewe alitikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba anajua. Mama Nguchiro alikuwa amejifunika uso kwa mikono.

Basi kujua hakutoshi, aliwaza Kindi. Siwatu angejibu vizuri na bado angekwenda shambani. Asimame aseme mwalimu amekosa? Nani angemsikiliza kindi mbele ya fisi?

"Siwatu binti Kindi!" akaita Fisi.

Mtoto akasimama. Kindi naye akasimama, akavaa uso wa unyenyekevu.

"Shikamoo, Mzee wangu," akamwambia Tembo.

"Marahaba, Mama Siwatu. Una neno?"

Akasema analo dogo. Akasema binti yake ni mzito wa kuelewa, mji mzima unajua, na yeye mama yake hana elimu. Hivyo anaomba jambo moja tu: mtoto akikosea, mwalimu awe radhi kuwatajia jibu lililo sahihi, ili na wao wazazi wapate kufaidika na elimu yake. Tembo akafurahi sana. Akasema ombi la mama huyu ni zuri, kuanzia mtoto huyu itakuwa hivyo. Fisi akacheka kidogo, akasema hakuna taabu.

Kindi akarudi kukaa, lakini hakurudi pale alipotoka. Alikaa kati ya Mama Nguchiro na Mama Ndezi, akawanong'oneza maneno machache. Mama Ndezi akashtuka. Mama Nguchiro akafuta machozi, akamnong'oneza aliyefuata, naye akamnong'oneza wa nyuma yake.

"Saba mara nane," akasema Fisi, na midomo ikaanza. Saba... kumi na nne...

Siwatu akafumba macho. "Hamsini na sita."

Fisi akashtuka. Alikuwa bado yuko kwenye ishirini na moja. Hakuna mtoto aliyewahi kujibu upesi namna ile, na Fisi alikuwa na desturi moja tu kwa jibu asilolijua. Ko! Fimbo ikagonga.

"Amekosea huyu. Tena vibaya."

Siwatu akamtazama mama yake. Kindi alitamani kumkimbilia. Akajizuia, kucha zimeshika mkeka.

"Basi tutajie jibu, mwalimu," akasema Tembo.

"Bila shaka, Mzee." Fisi akakohoa, akageukia pembeni. Saba... kumi na nne... ishirini na moja... ishirini na nane...

"Shikamoo, mwalimu," akasema Mama Nguchiro.

"Marahaba." Fisi akatulia. Akaanza tena. Saba... kumi na nne... ishirini na moja...

"Shikamoo, mwalimu," akasema Mama Ndezi.

"Marahaba, marahaba." Saba... kumi na nne...

Digidigi akasalimu kwa mara ya pili. Sungura akasalimu. Kanga naye, kutoka nyuma kabisa. Fisi akaanza kutoka jasho. Alipoamkiwa mara ya sita akanyamaza, asiitikie.

Tembo akakunja uso. Katika mji ule hakuna aliyeachia salamu ikaanguka chini, hata awe na haraka ya namna gani, na mwenye kuchunga jambo hilo kuliko wote alikuwa Tembo.

"Mwalimu, umesalimiwa."

"Marahaba!" akafoka Fisi. "Jibu ni sitini na nne!"

Tembo akainua masikio.

"Yaani hamsini na nne," akasema. "Nilitaka kuona kama mnasikiliza. Ni arobaini na... ngojeni. Saba mara moja, saba..."

Sasa alikuwa anaimba kwa sauti, mbele ya watu wazima, amefumba macho kama mtoto wa darasa la kwanza. Na hata hivyo akapotea, maana Kobe, mzito wa miguu na wa ulimi, alikuwa ndiyo kwanza amepata zamu ya kusema shikamoo.

Kindi akamwomba Tembo ruhusa, akamwaga kikapu cha karanga mkekani. Siwatu akazipanga mwenyewe: safu saba, kila safu karanga nane. Tembo akazihesabu kwa ncha ya mkonga, polepole, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Hamsini na tatu. Hamsini na nne. Hamsini na tano.

"Hamsini na sita," akasema Tembo. Akazihesabu tena. Kisha akaomba za sita mara saba, akazihesabu hizo pia, akamwita mtoto wa Nguchiro arudi kwa mama yake.

Fisi alikuwa tayari ameshafika getini. Hakuna aliyemfukuza, walikuwa na haraka ya kwenda kwingine. Mji mzima ulikwenda kwa mwalimu, Tembo mbele, na safari hii hawakuishia nje ya ua. Waliwakuta watatu wale kwenye matuta ya viazi, wamekonda, udongo mpaka masikioni.

Mama Ndezi alimkimbilia wake, akamkumbatia. Tembo ndiye aliyeinama, akamuuliza mtoto wa Ndezi taratibu, ili asimtishe: mihula miwili kwa mwalimu, umejifunza nini?

Mtoto alifungua viganja vyote viwili akamwonyesha malengelenge.

Tembo, aliyeipitisha sheria ile, alivitazama viganja vile, machozi yakateremka kwenye mkonga wake mbele ya kila mtu. Kisha akapiga magoti matopeni, mnyama mkubwa vile, akawaomba radhi watoto mmoja mmoja kwa majina yao.

Nami nawaambia nyinyi, wanangu: anayejua haogopi kuulizwa, na anayeogopa kuulizwa msimkabidhi watoto.