Mguu Ambao Fundi Hakuonyeshwa

Palikuwa na mama mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake wa pekee. Jina lake silitaji, na ninyi msianze kutazamana, hasali hapa. Jambo moja lilimnyima raha kutwa nzima: siku ya harusi angetembea kutoka mlangoni mwa kanisa mpaka mbele, ameshikana mkono na mwanawe, na watu wote wangemwangalia miguuni. Tangu usichana wake hajawahi kuvaa kitu mbele za watu ila ndara.

Mjini kwao alikuwepo fundi viatu wa siku hizi. Mti wa soli ni mfenesi wa hukohuko, ngozi ni ya mbuzi wa hukohuko, lakini soli inachongwa na mashine inayoongozwa na kompyuta. Unaweka mguu juu ya kioo, taa inapita chini yake, na kila kibonde na kila kinundu cha unyayo wako kinatokea kwenye skrini. Mashine inachonga soli ya mguu wako wewe, si ya mtu mwingine. Ngozi fundi anaishona mwenyewe kwa mkono, na kuitia nakshi unazozitaka.

Mama akaenda. Akakaa kitini, akainuka, akakaa tena. Akauweka mguu wa kulia juu ya kioo.

"Na wa pili, mama," fundi akasema.

Mama akavuta kanga chini. Mguu wake wa kushoto ulipinda tangu utotoni, vidole vimekunjamana, kisigino hakigusi ardhi.

"Wa pili ni vilevile. Hiyo mashine yako haiwezi kuugeuza huo huo?"

"Kugeuza inaweza. Lakini una hakika?"

"Mwanangu, miguu yangu unaijua kuliko mimi?"

Fundi akaugeuza kwenye skrini.

Siku zile mama hakutulia. Akibandika wali, unaungua. Akiitwa, haitiki. Mara tatu alifika mpaka mlangoni pa karakana, akasikia mashine inavuma, na mara tatu akapitiliza kama mtu anayekwenda dukani. Siku moja fundi akamtumia ujumbe: "Mama, kesho nachonga. Kama kuna cha kubadilisha, leo ni kazi ya dakika moja. Mti ukishakatwa, basi." Mama akaandika, "Mwanangu, huu mguu wangu wa kushoto..." Akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Mwisho akatuma, "Chonga tu."

Hamjawahi kuandika ujumbe wa namna hiyo? Hamjawahi kupiga magoti, mkaanza, mkafuta?

Ijumaa akaenda kuvichukua. Vilikuwa vizuri, jamani, vizuri mno. Akajaribu cha kulia, kikamkaa kama alizaliwa nacho. Fundi akamsihi ajaribu na cha pili. "Nina haraka," akasema, akaondoka.

Jumamosi asubuhi vigelegele vimejaa uani, bibi harusi ameshapambwa, naye mama amejifungia chumbani. Kiatu cha kushoto hakiingii. Akasukuma, akavuta, akalia kwa hasira. Akampigia fundi simu.

"Umeniaibisha siku ya mwanangu! Kiatu chako kibovu!"

"Mama," fundi akasema taratibu, "kiatu si kibovu. Nimeuchongea mguu ulioniambia unao. Hebu leo niambie, wa kushoto ukoje?"

Hatimaye, kwa sauti ndogo, mama akamwambia.

Fundi akasema, "Mama yangu, miguu mizima inapata viatu popote, mitumba imejaa sokoni. Mimi mashine hii niliinunua kwa ajili ya miguu kama huo wako."

Mama alimsindikiza binti yake kwa ndara zilezile.

Ndugu zangu, hadithi hii inaniuma, kwa sababu ni yetu. Kila ibada tunakuja hapa tumepiga pasi, tunamwonyesha Mungu mguu wa kulia. Sadaka, hii hapa. Kwaya, nimo. Na ule uliopinda? Ile chuki na ndugu yako wa damu? Ile chupa iliyofichwa kabatini? Tunamwambia ni vilevile, geuza tu. Halafu tunarudi nyumbani tunalalamika kwamba Neno halitukai, mahubiri yanabana, dini haivaliki.

Tulidhani nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya wazima? Wazima wangeifuata nini? Imejengwa kwa sababu ya kile unachokificha sasa hivi, hapo ulipokaa, wewe, na mimi mhubiri wako.

Naona wengine mmeshafungua midomo mseme amina. Ngojeni kwanza. Amina nayo tumezoea kujifunikia. Kaa kimya, umwambie Mungu ukoje.