Kisima Kilichochimbwa kwa Kalamu

Palikuwa na sultani aliyependa maswali, ila hakupenda kuulizwa. Basi akaweka utaratibu. Kila mtaa wa mji wake utoe mjumbe mmoja. Mjumbe mwenye swali aliandike, alipeleke kwa waziri anayehusika, kisha akae kitako angoje. Waziri naye ajibu kwa maandishi, na jibu lisomwe barazani kwa sauti. Likishasomwa, limekuwa kweli. Atakayelikanusha, gerezani!

Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Baraza likanawiri. Mjumbe akiuliza soko litaezekwa lini, anajibiwa kwamba soko limo katika mipango. Akiuliza mipango imefikia wapi, anajibiwa kwamba imo katika mchakato. Watu wakanyeshewa sokoni, lakini wakanyeshewa kwa utaratibu.

Mtaa wa Chumvini ulikuwa na mjumbe mwanamke, mfinyanzi, jina lake Mize binti Vuai. Mkono wake wa udongo, ulimi wake wa wembe. Kisima cha Chumvini kilikuwa kimeporomoka. Watu wakiteka maji dimbwini, bega kwa bega na ng'ombe, na watoto wanaharisha. Mjukuu wa Mize mwenyewe alikuwa kitandani, macho yamemwingia ndani. Mize akapeleka swali: "Je, Waziri wa Maji atachimba lini kisima cha Chumvini?"

Siku ya baraza ikafika. Waziri Badi, mtu wa kitambi na kilemba, akasimama akasoma kwa madaha:

"Kisima cha Chumvini kimekwisha kuchimbwa. Maji yanatoka tele, safi, matamu kama ya dafu. Wananchi wanafurahi."

Mize akafungua mdomo. Akamwona askari mlangoni. Akaufunga.

Lakini Sultani masikio yalimsimama. "Matamu kama ya dafu? Na mimi Ijumaa namwoza binti yangu! Mjumbe wa Chumvini, wageni wangu watakunywa maji ya kisima hicho. Leta mitungi ya kutosha. Usipoleta, wewe utalala gerezani na mtaa wako wote utahamishwa. Watu wanaomnyima sultani wao maji siwataki mjini kwangu."

Waziri Badi akakohoa. Akatazama dari. Kusema ni kujikanusha.

"Nimesikia, Maulana," akasema Mize. "Nitaleta."

Ijumaa, wageni wamekwisha kushiba pilau na achari ya pilipili, midomo inawaka, mara hao wanawake wa Chumvini! Msururu mrefu, kila mmoja na mtungi kichwani, shingo zimekaza, jasho linawatiririka. "Pisha, bwana! Pisha, usije ukanimwagia!" Wakaitua mitungi mbele ya Sultani, polepole, kama watu wanaotua mayai.

Mtumishi akainamisha mtungi juu ya bilauri. Akauinamisha zaidi. Akaupindua. Hata tone.

"Mize!" Sultani akanguruma. "Mtungi huu mtupu!"

"Hasha, Maulana. Una maji ya Chumvini."

"Mimi sioni maji!"

"Maulana asiseme hivyo kwa sauti. Yule askari wa mlangoni hachagui."

"Unanitisha?"

"Nakulinda, Maulana. Jibu limesomwa: maji yapo, tena tele. Mimi mfinyanzi tu, nina ubavu gani wa kumkanusha waziri? Nimekwenda kwenye kisima alichokisema, nikateka maji aliyoyasema."

"Nitakufunga!"

"Nifunge, Maulana. Ila karani aiandike hukumu vizuri: 'Amefungwa kwa kuleta maji yasiyokuwepo kutoka kisima kilichopo.' Kisha awasomee wageni."

Wageni wakajifunika nyuso kwa mikono ya kanzu, mabega yanawacheza. Sultani akamgeukia Waziri.

"Badi. Humu yamo, au hayamo?"

Badi akatazama mtungi. Akatazama askari. Jasho likampenya kilembani. Akaichukua bilauri tupu, akaiinua, koo likapanda likashuka, akafuta midomo.

"Matamu, Maulana."

"Kama ya dafu?" Mize akauliza.

"Kama ya dafu."

"Jamani, mwongezeni Mheshimiwa! Kala achari nyingi."

Akaongezewa. Akanywa. Pilipili inamchoma, machozi yanamtoka, na yeye anatabasamu.

Sultani akatikisa kichwa. "Vema. Kwa kuwa unayapenda hivi, kuanzia leo wewe na nyumba yako mtahamia Chumvini. Mtakunywa maji ya kisima hicho, na mengine msiguse."

Badi akajitupa miguuni pa Sultani, puu! "Maulana, nipe wachimbaji! Nipe majembe na kamba! Leo hii, kabla ya magharibi!"

"Wachimbaji wa nini, na kisima kipo?"

"Wa… wa kukiendeleza, Maulana."

Hapo kicheko kikapasuka ukumbi mzima. Wachimbaji wakaitwa, wakatangulizwa Chumvini na majembe yao begani, na Waziri nyuma yao, kilemba kimemwendea upande.

Akabaki Mize na mitungi yake. Sultani aibu ilikuwa bado inamla.

"Wewe mwanamke umenichezea mbele ya wakwe zangu. Sasa sema, na ujue mlango wa gereza bado uko wazi: jibu la waziri wangu lilikuwa baya?"

Mize akainama kwa adabu, mkono kifuani.

"Baya? Hasha, Maulana. Lilikuwa jibu zuri mno. Kasoro yake moja tu: halinyweki."